Marina ya Dubai, kumi kushuka hadi moja: soma kabla hujatoa arbuni

Kila likizo ikifika, picha ni zile zile kwenye makundi ya familia: minara imejipanga kandokando ya maji, boti nyeupe zimefungwa gatini, na binamu yetu yuko mbele na miwani ya jua. Chini ya picha kuna swali moja: "Hivi nyumba hapo zinauzwaje?" Swali hilo ni zuri, na linastahili jibu refu kuliko picha nyingine. Mimi naipenda Marina bila kificho. Napenda kutembea pale jioni, napenda upepo wa Januari, napenda kuona watoto wanakimbia kando ya maji bila mama zao kupiga kelele. Lakini nimewaona watu wetu wakikusanya akiba ya miaka mingi kwa sababu ya maji wanayoyaona dirishani, ilhali kitakachowapa usingizi au kuwanyima ni karatasi, na jengo lenyewe linavyoendeshwa. Basi tuhesabu mambo kumi kwa kushuka. La kumi halitakuumiza. La kwanza linaweza kukutoa machozi. Kaa mkao wa kula.

10. Kwanza hakikisha uko Marina

Dalali akisema "ni Marina kabisa hii," mwombe akuoneshe kwenye ramani, na kidole chake kisitikisike. Marina yenyewe ni eneo linalozunguka mfereji. Upande wa baharini kuna JBR, minara 40 ya rangi ya mchanga iliyokamilika mwaka 2007, yenye ufukwe ambao mtu yeyote anaingia bure. Ng'ambo ya Barabara ya Sheikh Zayed kuna JLT (Jumeirah Lakes Towers), nayo ina maziwa yake ya kuchimbwa, na kwa kawaida bei zake ni za chini. Kote kunakalika vizuri, ila bei ya huku isikuuzie nyumba ya kule. Majina ya vituo vya metro nayo hayatakusaidia: kituo kilichowahi kuitwa Dubai Marina sasa kinaitwa Sobha Realty, na kile cha Jumeirah Lakes Towers kinaitwa DMCC. Muulize mzee aliyehamia zamani na kijana aliyekuja juzi, watakufikisha mahali pamoja kwa majina mawili.

9. Maji yale yalialikwa

Hapakuwa na ghuba pale. Palikuwa na mchanga. Kampuni ya Emaar ilichimba mfereji wa karibu kilomita 3, sambamba na ufuo, kisha maji ya Ghuba yakafunguliwa yaingie. Awamu ya kwanza ilikamilika mwaka 2003. Mfano wake ulikuwa mtaa wa minara kando ya maji ya False Creek, mjini Vancouver, Kanada. Mtu wa Vancouver akija leo ataitambua mistari ya ndugu yake, ila ndugu huyu amekulia kwenye joto.

Mwaka 2007 maji hayo yalikumbusha watu kwamba yapo. Ukuta wa mfereji ulibomoka kwenye eneo la ujenzi na shimo la msingi likajaa, mafundi wakakimbia kuokoa roho zao. Jengo lililokuja kusimama hapo ndilo Cayan, la ghorofa 75, lililokamilika mwaka 2013. Limesokotwa: kila ghorofa imegeuzwa kidogo kuliko ya chini yake, hadi ukifika juu jengo limegeuka nyuzi 90. Nyumba za chini zinatazama mfereji, za juu zinatazama bahari. Jengo lililoanza kwa mafuriko limezunguka lenyewe kuyaangalia maji vizuri.

Njia ya waenda kwa miguu inayozunguka mfereji ni ya kilomita 7. Nunua viatu kwanza, nyumba baadaye.

8. Babu yako alishafika Dubai, tena na mbao

Jioni majahazi ya mbao yanawashwa taa na kupita taratibu katikati ya minara, abiria wamekaa mezani wanakula. Mtu wa Lamu au wa Bagamoyo hawezi kuyatazama bila moyo kugonga, maana umbo la chombo analijua tangu utotoni.

Ukipata nafasi, toka Marina upande metro hadi mji wa zamani, Al Fahidi au Shindagha, uingie kwenye nyumba za kale kisha uinue macho. Dari zile zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti hizo zilikatwa kwenye mikoko ya Rufiji na ya Lamu, zikapakiwa majahazini na kuvuka na upepo wa kusi, kwa sababu Ghuba haikuwa na miti ya kutosha kuezekea. Chumba cha kale kilikuwa chembamba kwa sababu boriti ina urefu wake, na aliyejenga alipima chumba kwa kufuata mti. Hii ndiyo Dubai ambayo sisi wa pwani tuliijenga kabla ya zege, na inanisikitisha kwamba watu wetu wengi wanaishi pale miaka na miaka bila kuinua macho kuiona. Dalali akikuuliza una uhusiano gani na mji huu, mjibu kwamba ukoo wako ulileta dari.

7. Kanga hazianikwi nje

Manispaa ya Dubai haitaki nguo kwenye roshani, kwa sababu zinaharibu sura ya mji. Haitaki pia maganda, vipisi vya sigara wala chakula cha njiwa. Kwa hiyo roshani yako ya ghorofa ya 40, yenye jua la kukausha papa kwa nusu saa, itabaki na viti viwili na chungu cha maua. Mama mkwe akija, mweleze mapema, kwa heshima zote, kabla hajafungua ndoo.

6. Lifti, na moto

Hapa utani una mipaka yake.

Marina inapenda kwenda juu. Mnara wa Princess, wenye ghorofa 101 na urefu wa zaidi ya mita 410, ulipokamilika mwaka 2012 ulikuwa jengo refu kuliko yote duniani miongoni mwa yale ya makazi, hadi New York ilipoupita mwaka 2015. Pembeni yake kuna jirani zake wanaokaribiana naye kimo, na hapo hata wewe ukinunua ghorofa ya 50 utajikuta unamtazama mtu magotini.

Urefu unaleta maswali mawili ambayo picha hazijibu. La kwanza ni lifti. Jengo la ghorofa 80 lina nyumba mamia, na lifti zake zinahesabika kwa vidole. Nenda siku ya kazi, saa moja na nusu asubuhi, wakati watoto wanakwenda shule na wazazi kazini. Simama kwenye ukumbi wa chini na utazame. Angalia lifti ngapi zinafanya kazi na ngapi zimebandikwa karatasi ya matengenezo. Tazama karatasi hiyo kama ni mpya au imeanza kujikunja pembeni. Iliyojikunja ina habari nyingi kuliko kijitabu cha mauzo chenye kurasa za kung'aa.

La pili ni moto. Mnara wa Torch, wenye ghorofa 86, umeungua mara mbili: Februari 2015 na Agosti 2017. Juni 2025 moto ukalipuka kwenye jengo la Marina Pinnacle, lenye ghorofa 67, na wakazi 3,820 wakatolewa usiku. Mara zote hizo, alhamdulillahi, hakuna aliyefariki, na kikosi cha uokoaji kinastahili sifa zake zote. Kilichowashangaza watu mwaka 2015 na 2017 ni jinsi miali ilivyopanda ukutani upande wa nje. Majengo mengi ya miaka ile yalivishwa paneli za alumini zenye plastiki ndani, na plastiki ikishika moto inaupandisha juu kwa kasi. Sheria za zimamoto za nchi hiyo zilikazwa baadaye, lakini jengo lililosimama kabla ya hapo linabaki na nguo zake mpaka mtu alipe fundi wa kuzibadilisha. Mtu huyo ni wenye nyumba, yaani wewe na majirani zako.

Kwa hiyo uliza bila haya: paneli za nje ni za aina gani, zimebadilishwa lini, kengele zilijaribiwa lini, ngazi za dharura ziko wazi au zimejaa baiskeli za watoto? Fungua mlango wa ngazi hizo mwenyewe. Muuzaji akinuna, mwache anune. Atanuna kwa dakika tano, wewe utalala humo miaka.

5. Mlinzi anajua kuliko dalali

Kwenye meza ya mapokezi ya jengo kuna uwezekano mkubwa ukakutana na kijana wa kwetu, wa Mombasa, wa Kampala, wa Tanga. Utamjua kabla hajafungua mdomo, naye atakujua kabla hujafika mezani. "Vipi kaka, karibu." "Poa kaka, kazi inaendaje?" Baada ya hapo una chanzo bora cha habari katika mnara mzima. Anajua lifti gani inakwama. Anajua mwezi gani maji yaliingia kwenye pakingi ya chini. Anajua nyumba gani zimekodishwa kwa wageni wa siku mbili tatu na masanduku yao ya magurudumu saa nane usiku. Hatataja majina wala hatakiwi kutaja, kwa hiyo usimwingize matatani. Muulize tu, "Wewe ungekaa jengo hili?" kisha msome usoni.

Na ukishamaliza kumuuliza, msikilize kidogo na yeye. Wengi wanaolinda, kufagia na kuhudumu Marina hawalali Marina. Zamu ikiisha wanapanda basi kurudi Al Quoz, au Muhaisnah ambako wenyewe wanakuita Sonapur, kwenye vyumba vya vitanda vya juu na chini. Sheria inakataza kazi za nje juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa, tangu tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba, na ni sheria nzuri. Lakini kabla ya saa sita na nusu kuna saa nyingi za jua. Ukinunua nyumba pale, wewe ni mmoja wa wanaolipa kampuni inayomwajiri kijana huyu. Kwenye kikao cha wenye nyumba una haki ya kuuliza kama ana kiti, maji ya baridi na mapumziko. Swali hilo likitoka kwa mtu anayezungumza lugha ya nyumbani kwao, litasikika hadi lango la chini.

4. Baridi ina kodi yake

Wenyeji wakikwambia Julai kuna joto, usijibu kwamba hata Dar kuna joto. Utaaibika mwenyewe.

Majengo mengi ya Marina hayana mashine zake za kiyoyozi. Maji ya baridi yanatoka kwenye mtambo wa pamoja na kupita kwa mabomba hadi nyumbani kwako. Bili yake mara nyingi ina sehemu mbili: moja ni ya baridi uliyotumia, nyingine ni ya nafasi uliyotengewa kwenye mtambo. Ya pili hailali. Nyumba ikiwa tupu na wewe uko Arusha umejifunika blanketi, inaendelea kukatwa. Kwenye majengo mengine gharama hiyo imo ndani ya ada ya mwaka ya jengo, kwenye mengine inakuja peke yake. Uliza ni ipi, uombe na bili ya mwezi wa Agosti uione kwa macho. Bili ya Januari kila mtu anakuonesha kwa furaha.

3. Bahari haimo kwenye hati

Hati miliki ya Dubai ina namba ya nyumba, jina la jengo, ukubwa na nafasi ya pakingi. Isome juu hadi chini, bahari huioni. Ulichokiona dirishani siku ya kukagua ni nafasi ambayo bado haijajengwa, na nafasi mjini ina mwenyewe. Miaka ya karibuni minara ya Emaar Beachfront imeota kwenye ardhi iliyofukiwa baharini, na baadhi ya watu wa Marina waliokuwa wakiiona Palm Jumeirah nzima sasa wanaiona kwa vipande. Kwa hiyo kabla hujalipia maji, tazama kiwanja kilichopo kati yako na maji. Kama ni barabara, mfereji au msikiti, pumua. Kama ni uwanja mtupu wenye uzio wa mabati, kuna mtu ana michoro yake mezani.

Sasa dalali. Wapo madalali waaminifu Dubai, tena wachapakazi, na mji umewawekea taratibu nzuri kuliko miji mingi niijuayo. Tangazo la nyumba linatakiwa kuwa na namba ya kibali na alama ya kuskani, na dalali mwenyewe ana kadi yenye namba. Programu ya Idara ya Ardhi iitwayo Dubai REST inakuwezesha kuhakiki hayo ukiwa kitandani kwako Morogoro. Dalali wa kweli hatakasirika ukimhakiki. Anayesema "tuma kwanza arbuni, kuna Mrusi anakuja saa kumi," mwache Mrusi aje.

Kuna pia nyumba za kwenye michoro, zile unazolipia kwa awamu kabla hazijajengwa. Hapa historia inafaa kukumbukwa. Mwaka 2002 wageni waliruhusiwa kununua, na sheria namba 7 ya mwaka 2006 ikauweka umiliki wao kwenye daftari rasmi, katika maeneo maalumu kama Marina. Fedha zikamiminika. Watu walipanga foleni kununua karatasi za nyumba zisizokuwa na hata shimo la msingi, na kuziuza kwa faida kabla ya awamu ya pili. Msukosuko wa fedha duniani ulipofika mwaka 2008, bei zikaanguka hadi chini ya nusu ya zilivyokuwa kileleni, na Novemba 2009 kampuni ya serikali ya Dubai World ikawaomba wadai wake muda wa kulipa. Kuna minara iliyobaki mashimo, na kuna familia ambazo fedha zao zilibaki humo shimoni.

Mji ulijifunza, na unastahili pongezi. Sheria namba 8 ya mwaka 2007 inataka malipo ya mnunuzi yaingie kwenye akaunti maalumu ya mradi iliyoko benki, ambamo mjenzi anachota kadiri jengo linavyopanda. Sheria namba 13 ya mwaka 2008 inataka ununuzi wa nyumba isiyokamilika usajiliwe kwenye daftari la muda. Basi kazi yako ni ndogo: lipa kwenye akaunti hiyo peke yake, kwa jina la mradi, na udai cheti cha usajili. Ukiambiwa lipa kwenye akaunti ya mtu "ili mambo yaende haraka", mambo yanayokwenda haraka hapo ni fedha zako.

2. Hesabu ambayo haionekani kwenye picha

Chukua nyumba ya dirhamu 1,500,000, tuipigie hesabu pamoja. Ada ya Idara ya Ardhi ni asilimia 4, yaani 60,000, na desturi ni mnunuzi kuilipa yote. Dalali ni asilimia 2, yaani 30,000, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 ambayo ni 1,500. Ofisi inayosajili uhamisho inachukua 4,000 na kodi yake 200. Hati yenyewe ni mia kadhaa. Jumla inakaribia dirhamu 96,000, zaidi ya dola 26,000 za Marekani, na bado hujanunua hata pazia.

Ukikopa benki ukiwa mgeni mkazi, kwa nyumba ya kwanza isiyozidi dirhamu milioni 5, unatakiwa kuja na angalau asilimia 20 yako. Usajili wa mkopo nao ni asilimia 0.25 ya deni na dirhamu 290. Tangu Februari 2025 benki haziruhusiwi kuingiza ada ya ardhi na ya dalali ndani ya mkopo, kwa hiyo zile 90,000 na ushee zitoke mfukoni. Na dirhamu imefungwa na dola tangu 1997, kwa 3.6725. Kwa anayelipwa dirhamu hilo ni tulizo. Kwa anayelipwa shilingi, kila shilingi inapoteleza deni linanenepa bila kula.

Kisha inakuja ile ambayo wakazi wote wanaiita sevisi chaji. Inatozwa kwa futi ya mraba kila mwaka, nayo inalipia lifti, walinzi, bwawa, usafi, bima na akiba ya matengenezo makubwa. Kwa nyumba ya futi 1,000, tukichukua mfano wa dirhamu 16 kwa futi, ni 16,000 kwa mwaka, iwe umekaa hapo au hukukaa. Sheria namba 6 ya mwaka 2019 inaitaka bajeti hiyo ikaguliwe na kuidhinishwa na serikali, na kiwango cha kila jengo kinatazamwa kwenye tovuti ya Idara ya Ardhi. Tazama kiwango cha jengo lako kwa miaka kadhaa. Kilichopanda kidogo kidogo hakitishi. Ninachokiogopa ni jengo la bei rahisi mno, maana mara nyingi urahisi huo ni pampu ambayo haikubadilishwa. Na muuzaji mwenye deni la sevisi chaji hapewi barua ya kumruhusu kuuza, kwa hiyo idai barua hiyo mapema. Ikichelewa, jua kuna mtu anahesabu madeni chumba cha pili.

"Nitapangisha," unasema. Vizuri, mpangaji naye ana sheria zake, na mimi nafurahi kwamba anazo. Mkataba unasajiliwa kwenye mfumo wa serikali uitwao Ejari. Kodi mara nyingi hulipwa kwa hundi kadhaa kwa mwaka, si mwezi kwa mwezi. Huwezi kuipandisha utakavyo: kwa amri namba 43 ya mwaka 2013, kama kodi yake iko chini ya wastani wa soko kwa asilimia 10 au pungufu ya hapo, hupandishi kitu, na hata ikiwa chini kwa zaidi ya asilimia 40, mwisho wako ni asilimia 20. Notisi ya kupandisha ni siku 90. Ukimtaka ahame kwa sababu unauza au unataka kukaa mwenyewe, ni notisi ya miezi 12, kupitia mthibitishaji wa serikali au barua ya rejista. Ukimhamisha ili ukae mwenyewe, huruhusiwi kuipangisha kwa mwingine kwa miaka miwili. Na ukinunua nyumba yenye mpangaji ndani, umenunua na mkataba wake. Msalimie vizuri, mtakuwa pamoja.

Kuhusu visa, kwa kuwa najua unaisubiri: kununua nyumba kunaweza kukufungulia mlango wa ukazi wa miaka miwili, na nyumba ya dirhamu milioni 2 na kuendelea ule wa miaka kumi, ukitimiza masharti mengine. Ni sababu nzuri ya kununua ukiwa na fedha hizo. Ukiwa huna, si sababu ya kuzitafuta kwa mkopo wa saa tisa usiku.

1. Jina la nani limeandikwa?

Tumefika. Hili ndilo linalonikosesha raha, kwa sababu linawaumiza watu wanaopendana.

Kwetu nyumba hainunuliwi na mtu mmoja. Kaka wa Dubai anatoa arbuni, dada wa Muscat anatuma kila mwezi, baba anauza kiwanja cha Kigamboni, shangazi anauza shamba la mikorosho. Kisha hati inatoka na jina moja, la yule aliyekuwepo mjini siku ya kusaini, kwa sababu ilikuwa rahisi, na kwa sababu kuuliza kungeonekana kama kutoaminiana. Miaka inapita, mwenye jina anaoa, au anagombana na benki, au Mungu anamchukua. Hapo ndipo dada wa Muscat anapogundua kwamba mbele ya sheria yeye ni mtu aliyekuwa akituma zawadi.

Idara ya Ardhi inakubali hati yenye majina zaidi ya moja, kila jina na hisa yake. Hakuna ujanja hapo wala wakili wa gharama kubwa. Wenye hisa waje na pasipoti zao kwenye ofisi ya usajili. Asiyeweza kusafiri atoe uwakala wa kisheria: unathibitishwa kwao, unapitia wizara ya mambo ya nje na ubalozi wa Falme za Kiarabu, unatafsiriwa Kiarabu, na unathibitishwa tena Dubai. Inachosha, ndiyo. Anzeni mapema, kabla muuzaji hajaanza kupiga simu.

Na mirathi ipangwe mkiwa hai. Mwenye nyumba akifariki, akaunti zake zinaweza kuzuiwa na nyumba haigusiki mpaka mahakama itoe hati ya warithi. Kwa Mwislamu, mgawanyo unafuata sharia, hivyo hisa isiyoandikwa kwa jina la dada itaingia kwenye fungu la marehemu na kugawiwa kwa warithi wake, hata kama kila jirani anajua dada alilipa. Asiye Mwislamu anaweza kusajili wasia, na tangu 2015 kuna daftari la wasia la kituo cha fedha cha DIFC kwa ajili hiyo. Asiyesajili anawaachia watoto wake foleni ya mahakamani katika nchi ambako huenda visa zao zilikuwa zimefungwa kwenye visa yake.

Najua kikao hiki ni kigumu. Babu atasema tunamwombea mtu kifo. Kaka atasema, "Kwani hamniamini?" Mjibuni kwa upendo, na chai iwepo, na kitumbua kiwepo, lakini kalamu iwepo pia. Andikeni nani ametoa kiasi gani, lini, na risiti ya benki iko wapi. Andikeni nani atalipa sevisi chaji mwaka ambao nyumba haina mpangaji. Andikeni mwenye hisa akitaka kutoka, wenzake watainunua kwa bei ya nani. Kisha nendeni kwenye usajili na majina yote.

Shangazi aliyeuza mikorosho ili asilimia kumi na tano iwe yake, aandikwe asilimia kumi na tano. Na akija kutembea, chumba cha dirisha la majini ni chake, kijana wa mapokezi ambebee mzigo, na nyie wengine mlale sebuleni.